Desemba Hii Hatukimbii

Kila asubuhi Olive hufagia ua wake wa mawe meusi, huko Majengo. Kando ya mlango kuna furushi la kukimbia nalo. Ndani mna blanketi, nguo za watoto, sufuria moja na karatasi za shule. Nyumba nyingi za Goma zina furushi kama hilo. Mji huu una volkano, na risasi umezisikia sana.

Desemba iliyopita jirani yao Gauthier alipiga kelele usiku, "Moto unaanguka ku volkano!" Mtaa mzima ukakimbia. Olive alimvuta mkono Mama Léonie, mama mkwe wake. Mama Léonie akaanguka gizani, akavunjika mguu. Kulipokucha volkano ilikuwa imetulia. Hakuna kilichoungua. Sasa mama huyo anatembea na fimbo, na Olive bado anajilaumu.

Desemba ilipokaribia tena, Olive alikwenda kwa Gisèle, anayefundisha jiografia.

"Madame, ile moto ya mwaka jana ilikuwa nini? Mama hawezi kukimbia tena. Lazima nijue."

"Vilikuwa vimondo," Gisèle alijibu. "Kila mwaka, karibu le treize, tarehe kumi na tatu Desemba, dunia inapita mu vumbi fulani. Kavumbi kadogo sawa muchanga kanaingia mu hewa mbio sana, kanaungua kule juu. Hakafiki huku."

"Nitavijua namna gani?"

"Kimondo kinapita mara moja, kinazimika, na hakina sauti. Risasi utaisikia. Moto ya volkano inabaki fasi yake, pale pale, inafanya mawingu kuwa mekundu. Na kama udongo unatetemeka, ao radio inasema mutoke, basi mutoke. Hapo hakuna kungojea."

Olive aliyarudia maneno hayo njiani mpaka yakamkaa kichwani. Kisha akapita mlango kwa mlango, akiwaeleza majirani habari za usiku wa tarehe kumi na tatu. Gauthier alimcheka.

"Mama Olive, sasa umekuwa mwalimu wa nyota?"

"Cheka tu, papa. Lakini usiku ule, angalia kwanza. Kelele utapiga baadaye."

Tarehe kumi na tatu, saa tano usiku, anga ilikuwa safi. Olive alizima taa na simu. Familia ikakaa uani, gizani, ili macho yazoee. Baada ya robo saa mstari mweupe ulipita juu. Ukapita mwingine. Halafu kikaja kimondo kimoja kikubwa, moja kwa moja upande wa volkano.

Mlango wa Gauthier ukafunguka kwa kishindo. Olive aliogopa. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika mkono wa Mama Léonie. Akauachia.

"Papa Gauthier," aliita, "umesikia sauti?"

"Hapana."

"Na ile moto iko wapi sasa?"

Gauthier alitazama upande wa volkano. "Imezimika."

"Basi leta kiti, ukae na sisi."

Gauthier alileta kiti. Majirani wengine nao wakatoka na mikeka. Usiku ule hakuna aliyekimbia. Mama Léonie alihesabu vimondo kumi na kimoja, kisha akageuka.

"Olive, nasikia baridi. Fungua ile furushi, unipatie blanketi yangu."

Fundo lilikuwa limekaza mwaka mzima. Olive alilifungua kwa meno.

Kesho yake alilifunga furushi upya na kulirudisha kando ya mlango, kwa sababu volkano ni volkano. Lakini blanketi alimwachia Mama Léonie kitandani.