Tundu Katika Blanketi la Mjomba Anselme

Musoki hakuwa na buti. Hakuwa na mfuko wa kulalia, wala tochi, wala koti la mvua. Begi lake la shule lilikuwa na mkanda mmoja. Wa pili ulikatika zamani, na mahali pake palifungwa kamba. Hakuwa hata na blanketi la peke yake, maana lile la nyumbani alilala nalo pamoja na wadogo zake wawili, na usiku kucha kila mmoja alilivuta upande wake.

Mambo hayo aliyahesabu kimoyomoyo huku akiparua magamba ya samaki aina ya ngege. Kila siku baada ya masomo alipitia sokoni Bwera, kwenye meza ya mama yake, akavua sweta ya shule, akafunga kitenge kiunoni na kuanza kuwaparua samaki walioletwa kutoka ziwani Kasenyi. Mama yake, Blandine, alizaliwa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na ingawa alikuwa ameishi Uganda miaka mingi, Kiswahili chake kilibaki cha kule.

"Juu ya nini midomo yako iko inatembea?" Mama alimuuliza binti yake.

"Ninahesabu vitu nisivyo navyo."

"Iyo hesabu haina mwisho, mama. Hesabu vile uko navyo."

Musoki akafikiri. "Nina miguu."

"Ni mwanzo muzuri. Hakuna mutu alishapanda mulima na begi."

Ijumaa ya wiki ile skauti wa shule yao wangekwenda Kasese, wapande vilima vilivyo juu ya mji na kulala huko usiku mmoja. Hayo yalikuwa mazoezi tu. Muhula ujao wale walioweza wangepanda mlima Rwenzori wenyewe, hadi kambi ya kwanza. Musoki alitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Tangu utotoni alikuwa akiuona mlima ule kutoka mlangoni kwao, siku zote umejifunika mawingu, naye alitaka kujua kilichofichwa mle.

Lakini Madamu Atukunda, mwalimu wa skauti, alikuwa ametangaza kwa ile sauti iliyomfanya aitwe Afande nyuma ya mgongo wake: "Asiye na kitu cha kumkinga na baridi atabaki nyumbani. Baridi ya kule haiulizi wewe ni mtoto wa nani."

Musoki alimweleza mama yake maneno hayo. Jioni Blandine alimpigia simu mdogo wake Anselme, ambaye aliishi mjini Kasese na kufanya kazi ya kuwabebea mizigo wageni wanaopanda mlima. Alhamisi, Huzaifa, dereva wa pikapu ya samaki, alipofika Bwera, alishuka na kifurushi kisichozidi ukubwa wa mkate.

"Mjomba wako anakusalimu," alimwambia Musoki. "Anasema blanketi hili haliogopi mvua wala baridi, ila lisikaribie moto. Jumatano ijayo yeye mwenyewe anapanda nalo. Likirudi zima, muhula ujao atakuazima tena."

Kifurushi kilipofunguliwa nyumbani, kilijaza kitanda kizima. Upande mmoja wa blanketi ulikuwa kitambaa cha kijani, kilichoshonwa vyumba vyumba. Katikati mlijazwa kitu laini na chepesi kama sufi. Upande wa pili uling'aa kama tumbo la ngege. Pembeni palikuwa na vifungo vya kubana, na kila pembe ilikuwa na pete ya chuma ya kupitishia kamba. Ukibana vifungo, lilikuwa joho lenye kofia. Ukilifunga kwenye miti kwa kamba, lilikuwa paa. Lilikuwa pia mkeka, na mtu akijikunja ndani yake, mfuko wa kulalia. Mdogo wake Musoki alilivaa joho, akazunguka nyumba nzima akiwabariki watu kama askofu.

"Kazi ine, mushahara moja," Mama alisema. "Sawa na miye."

Kesho yake lori la shule liliwachukua skauti wakiimba, likawapitisha Kikorongo, likawafikisha Kasese kabla ya adhuhuri. Walipanda kwa njia nyembamba kati ya mashamba ya kahawa na migomba, na kabla hawajafika kwenye kambi yao, mvua ikawakuta. Musoki alibana vifungo, akavuta kofia, akatembea mkavu. Rafiki yake Aidah hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa na blanketi zuri la sufu, zito, jipya, lakini alilifunga nje ya begi ili watu walione. Watu waliliona, na mvua pia ililiona.

Walipomaliza kusimamisha mahema, Aidah alikuwa akitetemeka hadi meno yanagongana.

"Njoo tulale kwenye langu," Musoki alimwambia.

"Hilo jepesi hivyo? Joto litatoka wapi?"

Madamu Atukunda aliwasikia. "Aidah, vua nguo zenye maji kwanza, vaa kavu. Halafu mtandike nusu chini na nusu mjifunike. Msisahau chini. Ardhi ndiyo mwizi wa kwanza wa joto."

"Kwani lina moto ndani yake, Madamu?"

"Hakuna blanketi lenye moto. Moto ni wewe. Lenyewe ni askari wa mlangoni tu, linazuia joto lako lisitoke."

Musoki alikumbuka jinsi mama yake alivyofunika barafu kwa magunia na maganda ya mpunga ili samaki wasiharibike. Hata gunia halikuwa na baridi yake. Liliilinda tu ile iliyomo. Alipomweleza Aidah hivyo, Aidah alijikunyata karibu naye zaidi.

"Kwa hiyo sisi ni samaki," alisema.

"Samaki wenye joto."

"Na mmoja wetu ananuka kweli." Walicheka hadi Afande akapiga kofi kwenye hema, na muda si mrefu meno ya Aidah yakatulia. Wote wawili walilala vizuri.

Asubuhi blanketi lilikuwa na umande. Jikoni uji ulikuwa ukichemka juu ya mafiga, na Musoki alifanya kile ambacho kila nyumba ya milimani hufanya. Kwao, kila chenye maji huanikwa juu ya meko: mahindi, kuni mbichi, hata sare ya shule jioni ya Jumapili. Alifunga kamba juu ya mafiga, akalitundika blanketi, upande unaong'aa ukiangalia chini ili likauke upesi. Maneno ya mjomba yalimjia. Akayajibu mwenyewe: moshi si moto. Kisha akaenda kutafuta kikombe.

Aliporudi, upande unaong'aa ulikuwa umejikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa, na katikati yake palikuwa na tundu ambalo yai la kuku lingepita.

Mpishi alikuwa amekwenda kuteka maji. Aidah peke yake ndiye aliyeona. Alilishusha blanketi, akalikunja harakaharaka.

"Angalia. Ukilikunja hivi, tundu linabaki ndani. Mjomba wako atalifungua kule juu, gizani. Atasema ni panya."

"Kule juu kuna panya?"

"Panya wako kila mahali. Hata ofisini kwa mwalimu mkuu."

Musoki alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Aliiwaza safari ya muhula ujao. Likirudi zima, mjomba alikuwa amesema. Akalitia blanketi ndani ya mfuko wake, likiwa limekunjwa vilevile.

Jumamosi jioni Mama alimpokea kwa furaha. "Blanketi ya Anselme iko nzima?"

"Liko zima, Mama."

Jumapili walikula ngege wa mchuzi na bundu, ule ugali wa muhogo ambao Blandine aliusonga mpaka ukavutika. Mdogo wake aliomba blanketi ili awe askofu tena, na Musoki akamkatalia kwa ukali uliowashangaza wote. Mama alikuwa akizungumza juu ya safari ya Anselme.

"Safari hii wageni banataka kufika kule mvua inageuka barafu," alisema. "Mwaka jana mwenzake mumoja alilala kule ndani ya blanketi iliyolowa. Asubuhi bakamushusha na machela. Alipona, Mungu asifiwe, lakini vidole vya miguu…"

Tonge la bundu lilimkaa Musoki mkononi. Alilirudisha sahanini, akanawa, akaenda chumbani. Alirudi na blanketi, akalikunjua mbele ya mama yake, akasimama.

Blandine hakupaza sauti. Alilichukua blanketi, akalinyanyua mbele ya uso wake, akaweka jicho kwenye tundu na kumtazama binti yake.

"Miye niko nakuona," alisema. "Baridi nayo itamuona Anselme."

Hapo Musoki alilia, akaeleza yote: mafiga, kamba, na jinsi alivyojiambia kwamba moshi si moto.

"Na jana uliniambia nini?"

"Kwamba liko zima."

"Iyo ni tundu ya pili. Ile ya kwanza iko na fundi wake kule soko. Ya pili, fundi ni weye." Kisha akamsogezea sahani. "Kula. Mutu hatengenezi kitu na njaa."

Fundi aliyemsema alikuwa Faruku, mzee aliyetengeneza miavuli karibu na lango la soko. Jumatatu baada ya shule Musoki alikwenda kwake na blanketi pamoja na ngege wawili waliofungwa kwenye jani, malipo kutoka kwa Mama. Aidah alimfuata. Alisema amekuja kumsindikiza, lakini ukweli ni kwamba dhamiri yake nayo ilikuwa inawasha.

Faruku aliligeuza blanketi mkononi. "Nani kababua majani ya ndizi humu?"

"Ni mimi, Fundi. Nililianika juu ya meko."

"Afadhali. Wateja wangu wote husema ni upepo." Aliinama kwenye rundo la miavuli iliyokufa na kuchomoa mwavuli mwekundu. "Hiki kitambaa kizuri, hakipitishi maji."

Musoki alitazama wekundu ule juu ya kijani. "Huna cha kijani, Fundi?"

"Ninacho. Unataka kisionekane?"

Swali lilikuwa dogo, na Faruku aliliuliza akiwa anatafuta mkasi. Lakini Musoki alimwaza mjomba wake, kule mvua inakogeuka barafu, akipapasa gizani asijue udhaifu uko wapi.

"Weka chekundu," alisema.

Faruku alikata sehemu iliyoungua, akarudishia ujazo uliopungua kwa sufi safi, akashona vipande viwili vya mwavuli, kimoja kila upande. Kisha akapaka mishono yote ile gundi inayozibia mipira ya baiskeli, akaiacha ikauke. Mwisho alimwambia Musoki akae chini, ajifunike, kiraka kikae juu ya kichwa. Aidah ndiye aliyepewa jagi. Alimwaga maji polepole, kwa furaha iliyozidi mahitaji ya kazi.

"Umelowa?" Faruku aliuliza.

"Hapana."

"Ngoja nijaze jagi tena," Aidah alisema, "tuhakikishe."

Jumanne, kabla Huzaifa hajafika, Musoki alikaa nyuma ya meza ya samaki na kalamu. Simu ya mjomba ilikuwa inalia bila kupokelewa, maana siku za kujiandaa alishinda akifunga mizigo ya wageni. Na Mama alisema kwamba hata kama angepokea, neno la simu huingia sikio moja na kutokea la pili, lakini barua mtu huisoma tena. Musoki aliandika, kisha akamsomea: "'Mjomba mpendwa, kwa bahati mbaya tundu dogo lilitokea kwenye blanketi lako.'"

"Ilitokea?" Blandine aliuliza, kisu mkononi. "Ilikuja yenyewe, na miguu?"

Musoki alichukua karatasi nyingine. Safari hii alisoma polepole.

"'Mjomba mpendwa, nimelichoma blanketi lako. Ulinikataza moto, nami nikalianika juu ya meko. Halafu nikamwambia Mama kuwa liko zima, na haikuwa kweli. Fundi Faruku ameweka kiraka chekundu. Tumekijaribu kwa maji ya jagi, lakini si kwa mvua ya mlimani. Kwa hiyo lala kiraka kikiwa upande wa miguu, na uweke begi lako juu yake. Liliniweka mkavu, na lilimpa Aidah joto alipolowa. Ninashukuru. Kama hutaniazima tena, nitaelewa. Urudi salama. Musoki.'"

Blandine aliweka kisu chini na kupangusa mikono.

"Sikia, mama," alisema. "Mutu anaweza kulala muzuri ndani ya blanketi yenye kiraka, kama anajua kiraka iko wapi. Kile kinaumiza mutu ni tundu bamemuficha. Ukiharibu kitu ya mutu, tengeneza, halafu mwambie. Kama utatengeneza bila kumwambia, kazi iko nusu."

"Na kama hataniazima tena?"

"Utatafuta blanketi ingine. Mujomba ya kutafuta haiko."

Hawakuwa na gundi. Musoki alichovya kidole katika bundu lililobaki la mchana, akalipaka kwenye ulimi wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Kisha alilikunja blanketi upya, kiraka chekundu kikiwa nje, juu kabisa, akalifunga kwa kamba.

Huzaifa alikuwa amekwisha kushusha samaki na kuwasha gari. Alipokea bahasha, akainusa. "Hii barua ni ya kusoma au ya kula?"

"Ya kusoma. Umpe mkononi mwake leo, kabla hajaondoka. Na blanketi usiliweke nyuma kwenye makreti, litanuka samaki."

"Sawa, Afande."

Alilaza blanketi kwenye kiti kando yake, akatia bahasha katika mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Pikapu ikaingia barabarani kuelekea Kasese. Musoki alisimama akiitazama, na kiraka chekundu kilionekana dirishani mpaka gari lilipokata kona.