Siku Iliyopungua Ghala la Tatu

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya kreti za matunda makavu ya aprikoti, ghala la tatu, viungani mwa mji wa Isfara. Alikuwa Ghaibullo, msimamizi wa maghala. Hakuwa na jeraha hata moja. Daktari wa polisi alitoka nje, akavua barakoa, akakohoa.

"Gesi ya kuulia wadudu. Kafa asubuhi hii, kama saa mbili."

Inspekta Mehrangez Haydarova hakuweza kutulia. Alizunguka uani, akarudi mlangoni, akaisoma tena karatasi iliyobandikwa pale. Dawa kuwekwa: Ijumaa, saa nane mchana. Muda: saa tisini na sita. Mwisho: Jumatatu, saa nane mchana.

Akahesabu kwa vidole. Saa tisini na sita ni siku nne. Ghala lilipaswa kufungwa hadi leo Jumanne, saa nane. Karatasi ilikuwa imempunja marehemu siku nzima.

Wafanyakazi walishampata mkosaji wao. "Ni yule karani! Mtieni pingu!"

Nozanin, karani, alikuwa ofisini. "Afande, mimi sihesabu kwa kichwa. Naandika siku ya kuanza na muda. Kompyuta inagawa saa kwa ishirini na nne, inajumlisha, inatoa mwisho yenyewe."

"Nionyeshe."

Akabadilisha siku ya kuanza ya ghala la kwanza, mwisho ukasogea. La pili, ukasogea. La tatu akabadilisha mara mbili. Mwisho ukaganda palepale, Jumatatu.

"Fomula ya kuhesabu haipo," alinong'ona. "Kuna mtu kaifuta, kaandika siku yake."

"Lini?"

Faili lilihifadhiwa mara ya mwisho jana, saa nne asubuhi.

"Saa hiyo nilikuwa nimepeleka sampuli maabara, waulize! Ofisi nilimwachia Mzee Niyoz, mlinzi."

Mehrangez alimwita mtaalamu wa alama za vidole, akatembeatembea koridoni hadi majibu yakatoka. Ndipo akaenda kibandani kwa mlinzi. Mzee Niyoz alimmiminia chai ya kijani.

"Keti, binti yangu. Unanitia kizunguzungu."

"Jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Lakini ile mashine hata kuiwasha sijui."

"Ilikuwa imewashwa. Alama zako za vidole ziko kwenye vitufe. Ziko pia kwenye karatasi ya mlangoni."

Mzee akaweka birika chini.

"Nani alimwambia Ghaibullo aingie?"

"Mimi. Nilibandika karatasi mpya, nikamwambia, bosi, karatasi inasema tayari. Akaingia kifua mbele."

"Kwa nini, mzee?"

"Miaka miwili iliyopita mwanangu Parviz alifia ghala hilohilo. Ghaibullo alihesabu kwa kichwa, akaruka siku, akamtuma ndani. Halafu akaandika kwamba kijana alikuwa amelewa. Parviz! Hata bia hajawahi kuonja! Nikaja kituoni kwenu mara saba. Mara saba, binti yangu, mkaniambia nikapumzike."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mehrangez alisimama tuli. Akamfunga pingu taratibu, akamwagiza sajini akawaambie watu uani kwamba Nozanin hana hatia. Kisha akapiga simu kituoni.

"Nitafutieni jalada la Parviz Niyozov. Linafunguliwa upya."

"Lini, afande?"

"Sasa hivi."

Mzee Niyoz, aliyekuwa hajatoa chozi kutwa nzima, akainamia pingu zake akalia.