Sufuria ya Pili

Saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa ameshaondoka. Alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda, na tangu mwenzake augue alifanya kazi ya watu wawili. Mlango ulifungwa, viatu vyake vikasikika vikiburuta uchochoroni, na kuanzia hapo nyumba ilibaki mikononi mwa msichana wa miaka kumi na tatu ambaye majirani wote walimwita Chapuchapu.

Jina hilo alilipata kwa haki. Alichota maji chapuchapu, akafagia chapuchapu, akamwosha mdogo wake uso chapuchapu mpaka sabuni ikamwingia machoni. Mdogo wake huyo alikuwa na miaka sita, akiitwa Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Watu walimsifu dada mtu. "Mtoto yule ana mikono minne!" walisema. Wasichokijua ni kwamba ikifika jioni mikono yote minne ilimuuma, na daftari la hesabu alilifungua ili alilalie tu.

Wiki hiyo akaongezewa sufuria ya pili.

Mlango wa pili aliishi fundi cherehani mzee, asiye na mtu nyumbani ila mbwa wake. Wote walimwita Bibi Fundi. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, hata uzi alitungiwa na wateja. Aliyemjulisha kuwa kuna mtu mlangoni ni Pindo, mbwa mdogo ambaye uzito wake haukuzidi wa majogoo wawili. Pindo alibweka mara moja kwa anayemjua na mara nyingi kwa asiyemjua, na Bibi Fundi aliitegemea sauti hiyo kama wengine wanavyotegemea macho.

Sasa Bibi Fundi alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho katika hospitali ya mbali, siku kumi nzima. Akaja kuomba Pindo atunzwe. Chapuchapu hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Mama yake alijibu kabla yake. "Mwache tu, Mama. Huyu hashindwi kitu."

"Mjukuu wangu," Bibi Fundi akamwambia, "mchele wake huu hapa. Mpikie wali mweupe, usitie chumvi wala mafuta. Nyama atakupa mwenye bucha, nimeshaongea naye. Ichemshe hivyohivyo kwa maji. Chakula cha watu asile kabisa. Daktari alinikataza."

"Sawa, Bibi."

Siku mbili za kwanza alipika kama alivyoagizwa. Lakini jamani, kupika sufuria mbili si mchezo! Alirudi kutoka shuleni jua likiwa kali, akawasha jiko, akapika cha watu, kisha akaosha sufuria nyingine akaanza upya, huku Kasuku akimwimbia njaa sikioni. Siku ya tatu miguu ilimgomea. Juu ya meza kulikuwa na kopo la mchuzi ambao mama alikuwa akiuleta kutoka kantini karibu kila jioni. Mchuzi wa kantini una siri yake. Watu ni wengi, nyama ni chache, basi wapishi hujaza vitunguu mpaka mchuzi unakuwa mzito na mtamu. Chapuchapu akachota wali wa nyumbani, akamwaga mchuzi juu yake, akaweka chini.

Pindo alikula, akalamba bakuli, akaendelea kulilamba hata lilipokuwa tupu.

"Unaona?" Chapuchapu akamwambia mdogo wake. "Siku zote alikuwa ananyimwa raha. Wazee wana mambo!"

Tangu hapo sufuria ya pili ilibaki imepinduliwa. Kila jioni Bibi Fundi alipiga simu ya mama kutoka hospitalini, sauti yake ikiwa dhaifu. Kitu cha kwanza kuuliza hakikuwa jicho lake.

"Pindo anakula?"

"Anakula vizuri, Bibi."

"Wali wake?"

"Wali wake."

Uongo wa kwanza aliutamka akitazama chini. Wa pili ulipita. Ulipofika wa nne hata hakuusikia, alikuwa amechoka mno.

Siku ya nane ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa kazini kama kawaida. Chapuchapu alikuwa anafua uani aliposikia kelele za Kasuku.

"Dada! Dada, njoo! Pindo anakojoa chai ya rangi!"

Alifikiri ni maneno ya Kasuku tu, akaenda akiwa na povu mikononi. Hayakuwa maneno. Chini kulikuwa na mkojo wa rangi ya kahawia, na Pindo alikuwa amesimama pembeni akitetemeka. Akajaribu kupiga hatua mbili, akalala. Mteja wa Bibi Fundi alipita mlangoni akiulizia nguo yake, na Pindo hakubweka wala kuinua kichwa. Hapo ndipo moyo wa Chapuchapu ulipomlipuka. Alimtia mbwa kwenye kikapu cha nguo, akamshika Kasuku mkono, akaondoka na povu lake.

"Huko tuendako usifungue mdomo," alimwonya njiani. "Umesikia?"

"Kwani nitasema nini?"

"Chochote."

Daktari wa mifugo alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kuzalisha ng'ombe. Buti zake zilikuwa na tope mpaka magotini, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hata hivyo alinawa, akamweka Pindo mezani, akamfunua mdomo.

"Ona fizi hizi," akasema. "Zimekuwa nyeupe. Huyu ameishiwa damu. Mkojo wake ukoje?"

"Kahawia," alisema Chapuchapu.

"Amekula nini siku hizi?"

Lilikuwa swali dogo, tena la kawaida. Chapuchapu alimwona Bibi Fundi mawazoni, na bandeji yake jichoni, akaona aibu, akaona na mama yake akisema huyu hashindwi kitu.

"Chakula chake."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Kasuku alimkodolea macho dada yake, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyamaza.

Daktari alimpekua Pindo manyoya. Nyuma ya sikio akakuta kupe mmoja amenona. "Basi, mwizi wetu ndiye huyu," akasema akimng'oa. "Kuna ugonjwa wa kupe ambao dalili zake ndizo hizi hizi, damu kuisha na mkojo kubadilika. Majibu ya damu yatachukua siku mbili, na huyu hana siku mbili. Nitamchoma sindano sasa hivi."

Akafungua kabati, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kisha akasita, akimtazama mgonjwa wake aliyelala kama kitambaa.

"Dawa hii ni kali," akasema taratibu. "Mbwa mdogo namna hii, tena dhaifu, inaweza hata kummaliza. Lakini kama ni kupe, nisipochoma anakufa. Mshike kichwa, binti."

Chapuchapu alimshika. Pindo akamlamba povu lililokauka kwenye vidole, polepole, bila nguvu. Daktari alishika ngozi ya mgongo, akasogeza sindano.

"Daktari, ngoja!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimedanganya. Hakula chakula chake. Siku sita nampa mchuzi wetu wa kantini. Hata leo asubuhi nilimpa. Nilichoka kupika mara mbili."

Mkono wa daktari ulisimama hewani. "Mchuzi huo una nini ndani?"

"Nyama kidogo. Nyanya, chumvi. Vitunguu vingi sana."

Daktari aliweka sindano chini, akakaa kwenye kigoda.

"Lo! Binti, unajua nilikuwa nataka kufanya nini?" Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Chapuchapu zaidi. "Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kiwe kibichi, kiwe kimepikwa, ni kilekile. Kinaharibu damu yao polepole, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku anaanguka."

"Lakini sisi tunakula kila siku," Kasuku aliropoka. Kimya kilikuwa kimemshinda.

"Wewe una mwili wa mtu. Yeye ana wa mbwa, tena mdogo. Kijiko chako kimoja kwake ni kama sahani nzima. Kitunguu saumu vilevile asipewe, wala chokoleti, wala zabibu. Na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikamchoma tumboni."

"Kwa hiyo asile chochote chetu?" Chapuchapu aliuliza huku akifuta machozi kwa kiwiko.

"Vipo anavyoweza. Wali mweupe, nyama au yai la kuchemsha, kipande cha karoti. Bila chumvi, bila kiungo, tena kidogo. Aliyekupa maagizo alijua anachosema."

Dawa ya kupe ilirudi kabatini. Badala yake Pindo alinyweshwa mkaa wa dawa, wa kunasa sumu iliyobaki tumboni, akatundikiwa dripu, akalazwa juu ya gunia safi. "Siwaahidi kitu," daktari akasema. "Lakini sasa angalau natibu ugonjwa wenyewe."

Jioni mama alirudi akavua viatu mlangoni, na kabla hajakaa Chapuchapu akamweleza yote. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani.

"Mchuzi nilileta mimi," akasema mwishowe. "Na kazi nilikupa mimi, sikukuuliza. Hapo nina kosa langu. Lakini uongo ni wako, mwanangu. Kwenye simu tusimtie hofu, jicho lake bado bichi. Lakini Bibi Fundi atakaporudi, mimi sitamwambia neno. Utamwambia wewe."

Siku ya tatu ya matibabu Pindo alisimama. Siku ya nne akarudishwa nyumbani akiwa amekonda, miguu ikimyumba, lakini fizi zimeanza kurudia rangi yake. Na siku hiyohiyo Bibi Fundi akashuka kwenye gari la kukodi, amevaa miwani myeusi, anacheka peke yake kwa kuona rangi za milango.

Pindo alibweka, mara moja tu.

"Pindo wangu!" Bibi akamnyanyua. "Mbona umekuwa mwepesi? Ulinikumbuka sana, eti?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Ilitosha kusema, ndiyo, alikukumbuka. Chapuchapu alipiga moyo konde.

"Hapana, Bibi. Nilimlisha chakula chetu, nikakwambia ni wali wake. Vitunguu vilimharibu damu. Karibu afe. Na daktari nilimdanganya pia, karibu amchome dawa isiyo yake. Nisamehe, Bibi."

Bibi Fundi alikaa kwenye ngazi, mbwa mapajani. Alimpapasa Pindo mbavu moja baada ya nyingine.

"Nimekasirika," akasema. "Sitakuficha. Nililala kule gizani, jicho limefungwa, na sauti yako ndiyo iliyonipa usingizi."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka kwenye vidole vya miguu yake.

"Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Niliona haya, Bibi. Wote wanasema mimi sishindwi."

"Tazama hapa." Bibi alivua miwani ili amwone vizuri, na jicho lake lilikuwa bado jekundu. "Kuchoka si kosa. Mama yako anachoka, mimi nachoka, hata daktari yule anachoka. Ungesema, mwenye bucha angemchemshia, au ningempeleka kwingine. Ulipodanganya, mzigo wako haukupungua. Ulimbebesha Pindo, ambaye hana mdomo wa kusema kwamba unamuumiza. Mtu mwaminifu si yule asiyeshindwa. Ni yule anayesema mapema kwamba ameshindwa, kabla mwingine hajaumia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na leo umenena bila kubanwa na mtu. Hilo nimeliona pia, kwa jicho langu jipya." Akainuka kwa kujikongoja. "Haya. Mimi nimekatazwa kuinama jikoni wiki nzima. Utampikia tena Pindo? Safari hii kwa sufuria yake?"

Chapuchapu alifungua mdomo kusema ndiyo, kama alivyozoea kusema kwa kila mtu. Kisha akafikiria kesho yake, kuanzia maji ya alfajiri mpaka daftari la hesabu.

"Jioni nitampikia, Bibi," akasema. "Lakini mchana sitaweza. Nina mtihani, na nimechoka."

Alingoja akemewe. Bibi Fundi alimshika bega.

"Sawa, mjukuu wangu," akasema. "Mchana nitamwomba mwenye bucha."