Yeyote, Kutoka Popote

Saa nne asubuhi kiigizi kilimkatalia Mama Chiriku kuingia, na jambo hilo halikuwa limewahi kumtokea tangu aanze kazi ile.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika programu ya mashine ya kupumulia wagonjwa. Mashine ilikuwa haijaundwa bado, kwa hiyo programu iliendeshwa ndani ya kiigizi, kompyuta kubwa iliyowekwa koridoni nyumbani kwake ikijifanya ndiyo mashine. Yeye hukaa chumbani na kompyuta yake ndogo, akakiunganisha kipekuzi, programu ya kukagulia programu nyingine, na kiigizi kwa waya, akaisimamisha programu anapotaka, akaichungulia mpaka utumbo, akaisogeza hatua moja moja. Kiigizi hupokea mgeni mmoja tu kwa wakati. Asubuhi hiyo kilimjibu: *Mgeni yupo tayari.*

Akampigia simu mwenzake wa kazini, yule waliyemwita Mkaguzi.

"Wewe, umeingia kwenye kiigizi changu?"

"Mimi? Dada, niko kwa daktari wa meno, hata shavu lenyewe silisikii. Nikifika ofisini nitaangalia cha kule."

Akakata simu, na hapo ndipo aliponusa. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa ikitoka koridoni. Feni ya kompyuta kubwa ilivuma, ikanyamaza, ikavuma, ikanyamaza, kama mtu aliyelala usingizi mzito.

Sebuleni binti yake alikuwa akimpigia bibi yake soga. Pumu ilikuwa imemzuia kwenda shule, lakini kusema haikuweza kumzuia. Jina la Chiriku hakupewa bure.

"Halafu Bibi, yule paka akapanda mezani, akaona sama..."

Neno likakatika katikati.

"We mtoto? Mama Chiriku! Njoo, mtoto huyu!"

Alimkuta kifua kimejaa, kimeinuka, hakishuki, macho yamemtoka pima. Bibi alikuwa akimpiga mgongoni. Dawa yake ya kuvuta wakamtia mdomoni, lakini angeivutaje na pumzi imemjaa tele? Mama Chiriku akageuka, na kupitia mlango wa sebule akaisoma skrini ya koridoni: *Pumzi ya 412. Imesimamishwa na mgeni.* Chini yake mstari mwingine ukajiandika: *Hatua moja.* Kifua cha mtoto kikashuka unene wa kidole, kikakwama.

Akakimbilia waya wa umeme, akaushika, akataka kuung'oa, lakini akauachia, kwa sababu programu ile aliiandika yeye na alijua kuwa kiigizi kikizimwa wakati pumzi imeshikiliwa basi pumzi hiyo haitolewi tena, inabaki pale pale ilipo, na sasa midomo ya mwanawe ilikuwa ikigeuka rangi, na ile harufu ilikuwa ikimkaba yeye mwenyewe, na feni ilikuwa imenyamaza kabisa.

"Mama," akamnong'oneza mama mkwe wake, "ni mimi. Jana niliondoka nikakiacha kiigizi kikisubiri."

"Kikisubiri nani?"

"Kipekuzi changu. Inatakiwa utaje ni kompyuta ipi inaruhusiwa. Nikaona uvivu. Nikaandika: yeyote, kutoka popote. Na ofisini wote wamenakili maagizo yangu hayo hayo."

"Umemkaribisha kwa mkono wako, halafu unashangaa ameingia?" Bibi aliongea chini kwa chini, mtoto mapajani, machozi yakimtiririka. "Muage, mwanangu. Mgeni huagwa. Fanya haraka!"

Akapiga magoti koridoni mbele ya kompyuta kubwa, akaandika: *Mwenyeji amerudi. Tafadhali ondoka.*

Skrini ikajibu: *Bado nashika pumzi. Nikiiachia hii, nitashika ipi?*

Hakufikiri. Mama gani angefikiri?

*Shika yangu.*

Feni ikavuma. *Mgeni ameondoka. Programu inaendelea.*

"...ki, akamla mzima!" akamalizia Chiriku, akaanza kukohoa, akalia, akaomba maji. Bibi akamkumbatia huku akicheka na kulia kwa pamoja. Mama Chiriku aling'oa kila waya uliokuwa koridoni, akafungua madirisha, na harufu ikatoka. Akamshika mwanawe kifuani akihesabu pumzi zake mpaka mtoto akachoka kuhesabiwa, akadai chakula.

Saa nane mchana alikuwa jikoni akiosha vyombo. Bibi alikuwa amelala kwa uchovu. Chiriku alikaa mezani nyuma yake, amerudia habari za paka, safari hii paka ameiba samaki wawili.

Mama Chiriku akavuta pumzi ili amcheke. Pumzi ikaingia. Haikutoka.

Akaachia sahani. Harufu ya nywele zilizoungua ilipanda kutoka kwenye sinki. Akashika kifua, akakibana, akajiinamisha, wapi. Simu iliyokuwa kando ya sufuria ikawaka. Ni Mkaguzi.

*Dada, nimefika ofisini. Kiigizi cha huku nacho kinasema kina mgeni. Ni wewe?*

Akainyakua kwa mikono yenye povu. Kioo kikateleza chini ya vidole, herufi zikakataa.

*Naona kimesimama katikati ya pumzi. Usihangaike, nakizima nikiwashe upya.*

Akaandika *usi*. Povu likafuta. Akaandika tena.

"Mama," akasema Chiriku nyuma yake, "mbona hunijibu?"