Ufunguo wa Chumba cha Tiur

Ndugu zangu, jioni ile nyumba ya Wening ilikuwa imetulia. Wali ulikuwa mekoni, na bintiye Tiur, mwenye miaka sita, alikaa sakafuni akipanga maganda ya matunda ya rambutani. Tiur ana usonji. Siku hizo ndipo alipoanza kusema "maji" na "mama."

Kwa Wabatak, kabila la mumewe Saut, bibi huitwa kwa jina la mjukuu wa kwanza. Lakini mama yake Saut alikataa katakata kuitwa Bibi wa Tiur. Jioni hiyo aliingia bila hodi.

"Kesho namwoza mdogo wake Saut hapa uani. Huyu asionekane. Watu watasema tuna laana."

"Mama, si laana. Mwalimu wake anasema ni usonji," Wening akajibu.

"Usonji ndio mdudu gani? Kwetu haupo. Labda huko kwenu Java!"

Mama mzazi wa Wening, aliyekuja kuwatembelea kutoka Java, alitabasamu kwa adabu. "Mwanangu, usibishane na mkweo. Mfungie tu chumbani, tusiwaudhi wageni."

Mabibi hao hawakuwahi kupatana hata juu ya chumvi ya mchuzi. Siku hiyo wakapatana. Saut alikuwa akichezea simu yake. Na Wening? Alijua mwanawe anaogopa kufungiwa kuliko kitu chochote. Alijua, na bado asubuhi akazungusha ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Ngoma zililia kutwa. Nani angemsikia mtoto anayegonga mlango kwa paji la uso?

Alipofunguliwa, Tiur alikuwa amejikunyata nyuma ya kabati, damu imemkaukia usoni, kucha zimevunjika. Wening alimnyooshea mikono. Mtoto akapiga yowe.

"Damu yenu ya Kijava hiyo!"

"Si ngoma zenu hizo!"

Mabibi walilaumiana hata kabla mtoto hajafutwa uso. Haukupita muda, Saut akarudi kwa mama yake, akaoa tena. Bibi wa Java naye akaenda zake.

Leo Tiur ni msichana mkubwa. Hajasema neno tena. Chakula cha mwalimu anakila, cha jirani pia. Cha mama yake hakigusi mpaka Wening aweke sahani chini na kutoka nje.

FUNZO

Jamani, wengine humwonea haya mtoto kwa kelele, wengine kwa tabasamu, na anayeumia ni yule yule. Usonji si laana, wala si aibu ya kabila lolote. Msimfiche mtoto ili wageni wafurahi. Na wewe mzazi unayemjua mwanao, msemee. Wening hakukosa maarifa wala upendo. Mbele ya wakubwa wake alikosa neno moja tu: hapana.