Puli Haipigwi Nyundo

Kila Jumamosi, kabla baba hajatoka na teksi yake, bintiye Bingwa alifuta vioo na binamu yake akaosha matairi. Bingwa ndiye aliyegawa kazi hivyo. Ndiye pia aliyempachika binamu huyo jina la Kimya, na mbele ya rafiki zake alimwita "mgeni asiyeaga", ingawa msichana yule aliishi nao tangu mama yake, dada wa baba, alipofariki.

Jumamosi moja teksi haikutoka. Ilikuwa ikivuja mafuta mbele ya injini, na ili kuifikia sili iliyochakaa, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, ilibidi puli ya krenki, gurudumu dogo linalozungusha mikanda, itolewe. Baba aliinua gari kwa jeki, akaliwekea magogo, akatoa gurudumu na mikanda. Bingwa alikaa ndani, gari likiwa kwenye gia, akakanyaga breki ili injini isizunguke wakati baba akilegeza bolti iliyoishika puli kwa spana aliyoirefusha kwa bomba la chuma. Bolti ilikubali. Puli ikagoma.

Baba akawaeleza kwamba puli haipigwi nyundo. Huvutwa taratibu kwa pula, kile chombo chenye miguu, pande zote sawasawa. Akaenda kuiazima kwa fundi jirani, akawakataza wasiguse kitu.

Bingwa alitaka baba akirudi aikute puli mkononi mwake. Akachukua nyundo. Kimya alimshika mkono, akasukumwa. Pigo moja la pembeni likamega ukingo wa puli.

Baba aliporudi alikiona kipande chini, akauliza ni nani.

"Kimya," alisema Bingwa. "Nilimkataza."

Kimya alifungua mdomo, lakini baba hakungoja. Alisema amechoka kumlisha mtu anayemharibia riziki. Akafungashe, kesho anarudi kwa baba yake. Wote walijua baba huyo ni mlevi, na kwamba Kimya alikuja kwao akiwa na alama za mkanda wa suruali mgongoni. Bingwa alizijua kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyewahi kuzicheka.

"Huko angalau utajifunza kusema," alimnong'oneza mlangoni.

Kimya hakulia. Alikunja gauni lake, akafunga begi, kisha akaiweka kitandani sare ya shule iliyokuwa ya Bingwa zamani.

"Hii ni yako," alisema. "Kifungo kilichokatika nimekishona."

Bingwa alikishika kifungo kile. Kilishonwa kwa uangalifu, kama cha mtu aliyedhani atakaa. Akatoka, akamfuata baba uani.

"Baba, ni mimi niliyepiga."

Baba aliendelea kukaza pula hadi puli ikatoka. Kisha akamwita Kimya.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Haya, Mjomba," alijibu Kimya, macho chini.

Baba akamgeukia bintiye. "Puli nitapata nyingine kwa wauza vipuri. Mgongo wa mwenzio hauuzwi dukani. Ukikosea, simama useme ni wewe, hata kama miguu inatetemeka."

Jumamosi iliyofuata Bingwa ndiye aliyeosha matairi. Hakumwita tena Kimya. Alimwita dada, na dada aliitika. Lakini chini ya kitanda, begi lake lilikuwa bado limefungwa.