Chakula Chako Nimekifunika

Kisemeshi kilimsikiliza daktari kijana akibabaika na sentensi yake ya Kikisi, lugha ya Wakisi wa Ziwa Nyasa, kikatulia kidogo, kisha kikamrudishia sentensi ileile sikioni ikiwa imenyooka. Hakikumcheka wala kumpa alama. Kilikuwa kidude kidogo kama kifungo cha shati, na katika Mbeya ya miaka hiyo hata wauza nyanya walikibandika nyuma ya sikio, wakijifunza lugha ambazo babu zao waliona haya kuwafundisha.

Aliyekiunda ni mhandisi Subilaga. Kisemeshi kililishwa mazungumzo mengi, kikapima neno gani hufuata lipi na watu husema nini wakati gani, mpaka kikaweza kuongea chenyewe. Kwa Kikisi alipatikana msemaji mmoja tu aliyekuwa tayari kurekodiwa, naye ni mama yake mzazi, Mama Lwitiko, mfinyanzi wa vyungu. Subilaga alimrekodi jikoni jioni nyingi, akaikabidhi mashine sauti zote bila kuzisikiliza mpaka mwisho. Wataalamu nao wana uvivu wao.

Wanafunzi wa kwanza walipohitimu, walikwenda pamoja na Subilaga kumsalimia mama huyo. Walizungumza Kikisi kilichonyooka, naye akafurahi mpaka akasahau chai jikoni. Wakati wa kuondoka, yule daktari alimshika mkono, akamwambia kwa upole, "Chakula chako nimekifunika." Wa pili akasema hivyohivyo. Wakasema wote, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoaga.

Mama Lwitiko aligeuka akautazama mlango. Subilaga alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hayo hayakuwa maneno ya kuaga. Kaka yake Subilaga, Lwitiko, alikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya Mwezini, na chombo chake kikapotea huko. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kulala, mama yake aliugeukia mlango na kumwambia mwanawe maneno hayo. Kinasa sauti kilikuwa hakijazimwa. Kisemeshi kikaona mazungumzo yote yanaishia hapo, kikaamua kwamba Wakisi huagana hivyo.

"Nisamehe, mama," Subilaga alisema wageni walipokwisha kutoka. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Nitayafuta leo hii."

"Wanaojifunza ni wengi?"

"Maelfu. Hata huko Mwezini wapo, vijana wa kwetu waliozaliwa hukohuko."

"Huko nako wanaagana hivyo?"

"Kila siku, mama."

Mama Lwitiko alipakua ugali na dagaa, akafunika sahani kwa kawa, akaiweka mezani upande wa mlango. Kisha akaketi karibu na binti yake na kumfuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Basi usiyafute, mwanangu," alisema. "Sauti yangu mimi haifiki huko."